Mizani ya Miguu

Sanduku lilifika kwa meli ya Jumamosi,
zito kama deni la msiba.
Kaka yangu Mbarouk, aliyeko Maskati,
kaandika juu kwa wino mnene: LISIPINDULIWE.
Limepinduliwa.

Fundi Shaame, aliyeziba pancha za Wete nzima
tangu mwenye Foniksi akiitwa bwana,
kavua gurudumu la nyuma, kaning'iniza mnyororo kwenye lile dude la chuma,
kazungusha pedali kwa mkono, kasikiliza.
"Sasa hii inakwenda wapi?"
Haiendi popote, nikamwambia.
"Basi hata breki huna haja nazo."
Akazikaza hata hivyo.

Mimi ni karani wa mizani.
Miaka kumi na sita napima karafuu za watu kituoni,
naujua mkono ulionyunyizia gunia maji usiku wa kuamkia mauzo.
Natia vidole, nang'ata mbili tatu:
mbichi hizi, bwana. Kazianike.
Kumbe na mimi nimekuwa nikijiuzia mbichi.
Kila jioni hadi Limbani na kurudi kwa miguu,
kanga imenigandia mgongoni,
nasema: leo nimefanya kazi.
Jasho.
Maji ndani ya karafuu.

Siku ya kwanza nilikanyaga kama niliyefukuzwa na nyuki.
Nambari ikaruka, wati mia mbili na arubaini,
nikacheka peke yangu ukumbini, nikajiona simba
kwa dakika tatu.
Ya nne, mapaja yakanigeuka kama mashahidi waliohongwa:
tisini. Sabini.
Mbarouk akapiga simu: "Dada, usiikimbilie.
Itafute ile unayoweza kukaa nayo, kama mke mwenza."
Wewe unajua nini habari ya mke mwenza, nikamwuliza,
nikakata.
Lakini nilisikia.

Jumanne nikafanya mtihani wenyewe. Dakika ishirini,
feni usoni, jamvi kuukuu chini la kunywa matone,
Bi Mize dirishani akiuliza nani anasaga saa hizi, na wala si Ramadhani.
Sikumjibu. Pumzi ilikuwa na bei.
Wastani: mia na thalathini na nane.
Toa tano katika kila mia, zaka mara mbili,
kinachobaki ndicho chako halali:
mia na thalathini na moja.

Niliitazama kama wakulima wanavyoitazama mizani yangu,
wakiutafutia mshale kosa.
Hauna kosa.
Nikaiandika nyuma ya risiti ya tukuza,
nikaibandika ukutani, chini ya ratiba ya sala.

Na leo usiku, nimo katika zamu ya tatu ya kukaza,
umeme ukakatika.
Feni ikazunguka kwa mazoea, ikasita.
Bopwe giza, Kipangani giza,
jenereta ya hospitali ikakohoa mara moja, ikanyamaza.
Kwenye usukani tu, kwa betri yake yenyewe,
mwanga wa upana wa kidole:
mia na thalathini na tano. Na moja. Na mbili.
Mji mzima hauna umeme ila mimi.

Sasa ni mapumziko, na mapumziko nayo yana nambari,
na hiyo ndiyo inayonishinda.
Sitini.
Mguu haujui sitini. Mguu unajua kukimbia na kulala.
Unapanda themanini, naukanya,
unazama arubaini, nauamsha.
Nashusha gia. Nashusha mabega, sikujua yako masikioni.

Wati sitini: balbu moja ya zamani,
ile ya manjano iliyokuwa ukumbini kwa mama,
tuliyokatazwa kuiwasha kabla ya magharibi.
Naizungusha
polepole
isizimike.